Mguu wa Klachi

Octavian Lohay hakuwa daktari wala katekista, na ujumbe wa serikali ya mtaa hajawahi kuugombea. Hata hivyo, pale Singe, mtaa wa Babati, ukiuliza ni nani anaweza kugongewa mlango saa yoyote bila kununa, utaelekezwa kwake. Kosa lake maishani lilikuwa moja tu: alipata gari lenye mbio, na watu wakajua.

Gari lenyewe lilikuwa Subaru ya bluu, ya miaka ya tisini mwishoni, yenye tabo ya kuiongezea injini nguvu, tundu la hewa juu ya boneti, na bawa nyuma ya buti ambalo watoto wa mtaa waliamini ni la kurukia. Octavian alikuwa fundi wa bwana mmoja wa Arusha aliyeshindana mbio za magari. Bwana yule alipochoka kuvunjika mbavu akaamua kuhama nchi, hakuwa na kiinua mgongo cha kumpa fundi wake isipokuwa ufunguo. Octavian akaja na gari kwao Babati akiwa kijana bado, kiwiko nje ya dirisha, na mji mzima ukajua kwamba amerudi. Alilipenda gari lile kupita kiasi. Baadaye alimwoa Rosalia, na Rosalia mwenyewe alisema wazi mbele ya wakwe zake kwamba hana uhakika ameshika namba ngapi.

Mtego ulianza kwa wema. Mwaka mmoja wa mvua kubwa, barabara za vijijini zikiwa tope tupu na gari la wagonjwa likiwa jambo la kusikia redioni, jirani yao Clemence alishikwa na uchungu. Bajaji hazikuwepo, pikipiki zilikuwa zinateleza, na trekta la misheni lilikuwa limekwama. Octavian akawasha Subaru. Alipita mahali ambapo hata ng'ombe walikuwa wamekataa kupita, injini ikinguruma, tope likiruka hadi juu ya paa. Kabla hawajaliona geti la hospitali, mtoto akazaliwa kwenye siti ya nyuma, mzima, akilia kwa hasira.

Sasa Wairaqw wa pande hizi wana desturi yao. Mtoto hupewa jina la lile lililotokea siku anakuja duniani. Wa mvua ataitwa Tluway, wa usiku wa manane ataitwa Amsi, wa njiani ataitwa Safari. Clemence aliona Safari haitoshi. Mtoto akaitwa Subaru. Padri alikataa kumbatiza kwa jina hilo, akaandika Valence, lakini hadi leo ukienda shuleni kumuulizia Valence utaambiwa hawamjui.

Baada ya hapo ikawa kama mlango umefunguliwa. Walikuja walioumwa na nyoka, walioanguka kutoka juu ya dari, waliozidiwa na malaria, na zaidi ya wote walikuja wajawazito. Wengine walijifungua njiani, wengine wakafika. Akina Octavian wadogo wakaongezeka hadi mwalimu mmoja akaanza kuwaita kwa majina ya baba zao ili somo liendelee. Na katika miaka yote hiyo, kwa bahati au kwa rehema, hakuna aliyefia ndani ya gari lile. Watu waliliona jambo hilo, wakalisema, na likishasemwa Babati halirudi nyuma. Likawa gari lenye baraka. Mama mkwe akiwa na mkwe mwenye mimba ya kwanza alikuwa anatuma mtu mapema, mimba ikiwa ya miezi minane, kwenda kumwambia Baba Theodory asisafiri.

Theodory ndiye mtoto wa pekee wa Octavian, yuko Dodoma anafanya kazi ofisini. Alishamwambia baba yake zaidi ya mara moja aseme hapana. Ni rahisi kusema ukiwa Dodoma.

Siku hizi barabara kubwa ni ya lami, na lipo gari la wagonjwa la kupigiwa simu bure, lenye kitanda, oksijeni na muuguzi. Watu wa Singe na wa kijiji cha Mutuka wanalijua. Wanalipigia pale wanapoambiwa Octavian hayupo. Yeye mwenyewe alikuwa anashangaa, maana alilijua gari lake. Siti za nyuma zilikuwa ngumu, za kubana watu wawili wembamba. Shokapu zilikuwa za mashindano, hazikujua kubembeleza. Shimo dogo lililokanyagwa na tairi lilipanda hadi kwenye meno. Ndani kulinuka petroli. Mgonjwa aliyepanda akiwa anatapika alishuka akiwa hana kilichobaki cha kutapika. Kusema kweli, kama ungetaka kutengeneza gari la kumtesa mama mjamzito, ungeanzia hapo. Lakini mateso yale watu waliyahesabu kuwa sehemu ya dawa. Clemence alikuwa anawaambia wasichana kwamba mtikisiko wa lile gari ndio unaomwita mtoto.

Na hapo tufike kwenye goti.

Bwana wa Arusha alikuwa ameweka klachi ya mashindano, nzito, ya kumfaa kijana mwenye mapaja ya mchezaji mpira. Octavian aliikanyaga tangu ujana wake mpaka mvi zikamfika kwenye nyusi. Goti la kushoto likaanza kulia kama bawaba, likavimba, kisha likaanza kufa ganzi. Daktari alimwonyesha picha, akamwambia gegedu la katikati ya mifupa limekwisha, aachane na gari la gia kabisa, la sivyo siku moja mguu utamkatalia. Octavian akashukuru, akakunja picha, akaisukumia nyuma ya kabati. Rosalia alimuuliza mumewe daktari amesemaje. Akajibu kwamba ni uzee tu.

Mguu ukamkatalia kweli. Alikuwa anarudi kutoka vijijini na mzee mmoja aliyepooza upande, mkwe wa mzee akiwa amemshikilia nyuma. Kwenye mteremko Octavian alitaka kurudi gia ya pili, akaamuru mguu ukanyage klachi, mguu haukusikia. Aliuangalia ukiwa umelala pale sakafuni kama wa mtu mwingine. Ilibidi aachie gia, alisukume goti lake kwa kiganja cha mkono wa kushoto, halafu mkono huohuo urukie gia, na kwa muda huo wote gari lilikuwa linajiendea. Wale nyuma hawakujua chochote. Walimshukuru wakashuka. Yeye alibaki ndani, shati limeloa mgongoni, akashindwa kutoka mpaka mlinzi wa hospitali alipokuja kumuuliza kama anaumwa.

Tangu siku hiyo kila simu ikiita aliiangalia kwanza kabla ya kuipokea. Alikuwa amenaswa, na alijua. Akikataa kwenda, mtu akafa, watasema Baba Theodory alikataa. Akienda, mguu ukakataa, mtu atafia mikononi mwake, na watoto wote wale wenye jina lake watakuwa wanabeba jina la mtu aliyeua. Kuuza gari hakuweza, kwa sababu si lake tena. Ni la kila nyumba iliyowahi kufungua mlango wake wa nyuma. Na kusema ukweli juu ya goti ndiyo kabisa hakuweza. Aibu ilimbana kuliko maumivu.

Muzamil Alawi alimjia kwenye gereji ya mjini, siku Octavian alipokwenda kubadilisha mafuta ya injini. Muzamil ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, duka la baba yake na la babu yake, na ana ugonjwa ambao familia yake haiuelewi: anapenda magari ya zamani yenye mbio. Alisalimia kwa heshima, akazunguka Subaru mara kadhaa bila kuigusa, kisha akasema analo gari lake, Toyota nyeupe ya juzijuzi, haina hata mkwaruzo, na angependa wabadilishane, mkono kwa mkono, bila mtu kumwongeza mwenzake chochote.

Octavian alidhani anataniwa. Akamuuliza mtu mwenye akili zake anatoaje gari jipya kuchukua chuma cha zamani.

"Mzee, lile langu linajiendesha lenyewe," Muzamil akasema. "Nikipita mstari linanipigia kelele. Nikikaribia mtu linashika breki kabla yangu. Likisimama linazima injini bila kuniuliza. Mimi mle ndani ni abiria niliyepewa usukani nisilie."

Octavian akamwambia kwamba hili la bluu halina huruma ya namna hiyo. Ukilikanyaga linakaa kimya kwanza, unadhani halijasikia, kisha tabo inaamka na kukusukuma mgongoni. Ukilegea kidogo limeshakupeleka mtaroni. Linakunywa mafuta hata likiwa limesimama, na ukilipeleka kwa fundi asiyelijua, unarudi nalo likiwa na ugonjwa wa pili. Alidhani anamtisha. Muzamil alikuwa anasikiliza macho yakimng'aa.

Wakakubaliana kubadilishana kwa wiki moja kwanza, kila mmoja apime, kisha waamue. Octavian alirudi Singe na gari jeupe akiwa na furaha ya mtu aliyetoroka. Aliona haya kuihisi furaha hiyo, lakini ilikuwepo.

Na gari jeupe lilimtendea mema, hilo lazima lisemwe. Liliwaka kwa kubonyeza kitufe. Usukani wake ungeweza kuzungushwa na kidole. Halikuwa na klachi. Mguu wa kushoto ulikaa tu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka alifika nyumbani bila kuchechemea. Ndani ya dashibodi kulikuwa na mwanamke wa Kijapani aliyeongea kila mara, kwa upole, na hakuna mtu Babati nzima aliyejua anasema nini. Rosalia aliketi mbele, akafunga mlango, akasikiliza. Akauliza mbona injini haijawashwa. Akaambiwa wako njiani tayari. Alicheka mpaka akashika kifua.

Lakini Octavian hakumficha mke wake kitu kimoja. Alimwambia kwamba gari hili ni bora karibu kwa kila jambo, linashika barabara, linasimama haraka, na hata mwendo halijachelewa sana kama watu wanavyofikiri. Ila halimuombi kitu. Lile la bluu lilikuwa linamtaka mzima mzima, macho, mikono, masikio na mguu. Hili linamvumilia tu. Rosalia akasema kuvumiliwa si kubaya ukishafika umri fulani.

Jumapili walikwenda nalo kanisani. Watu walitoka ibadani wakalizunguka kimya kimya. Hakuna aliyelisifu. Mchana Clemence akafika nyumbani na akina mama wa jumuiya, wamebeba maziwa na mahindi mabichi, wakaketi, wakauliza hali ya Theodory, wakauliza hali ya mahindi, wakamaliza maziwa yaleyale waliyoyaleta. Ndipo Clemence akafikisha ujumbe. Hawakuja kumgombeza, alisema, kila mtu ana haki na mali yake. Walikuja kumwomba tu. Mkwe wa Mama Eliya kule Mutuka siku zake ziko karibu, na ni mimba ya kwanza, na ukoo mzima umekaa ukijua ataletwa na gari la bluu. Hao akina mama walikuwa wameshasali kwa ajili ya hilo.

Octavian alifungua mdomo aseme habari za goti. Aliwaona wanavyomtazama, wanawake aliowabeba wakiwa wanalia na ambao sasa wameketi kwenye makochi yake wakiwa na afya, na maneno yakakwama. Akasema ni majaribio tu, ya wiki moja. Wakaondoka wameridhika. Alibaki sebuleni akijichukia, akijiona kama ng'ombe aliyefungwa kamba na watu wanaompenda.

Simu ya Mutuka ilikuja katikati ya wiki, asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Aliyepiga ni Eliya mwenyewe, mume wa msichana. Mkewe Xaveria alikuwa na uchungu tangu alfajiri, maji yameshatoka, na mkunga wa jirani alikuwa amemshika tumbo akasema mtoto hajakaa vizuri. Gari la wagonjwa mkunga alikuwa amelipigia, likawa limempeleka mtu mwingine mbali, akaambiwa asubiri. Eliya hakumwomba Octavian aje. Alimwambia tu kwamba wako tayari.

Octavian akaenda na gari lililokuwepo. Barabara ya Mutuka ilikuwa imechongwa, vumbi jepesi, na gari jeupe lilipita mashimo kama linakanyaga godoro. Alifika mapema kuliko alivyotegemea, akaingia uani, akazima.

Xaveria alikuwa kwenye mkeka kivulini mwa nyumba, amemng'ang'ania mumewe mkono. Kando yake alikuwa amesimama Scola, mama yake Eliya, mwanamke mzee aliyekuja kutoka milima ya Mbulu zamani akiwa mwari na ambaye Kiswahili chake bado kilikuwa na milima ndani yake. Octavian akamwamkia. Scola akaitikia marahaba, akaangalia gari, akaangalia njia nyuma ya gari, kama anayesubiri lingine.

"Lile liko wapi?" akauliza.

Octavian akaeleza kwamba liko kwa Muzamil, na Muzamil ameenda nalo Dareda. Hili ni zuri zaidi, akasema, lina nafasi, halitikisi. Scola akatikisa kichwa. Akasema watasubiri. Akamwambia Octavian ampigie huyo kijana arudi. Na jambo la kutisha ni kwamba hakuna aliyembishia. Eliya aliinamisha uso. Mkunga akarudi nyuma. Hata Xaveria, katikati ya maumivu, akasema lije la bluu, analitaka la bluu. Ukoo ulikuwa tayari kumlaza mtoto wao pale kwenye mkeka kusubiri chuma kishuke mlima wa Dareda, kwa sababu Octavian Lohay hakuwa na ujasiri wa kusema maneno machache siku ya Jumapili.

Aliona kwamba kama atanyamaza tena, yule wa kwanza kufa atakuwa huyu, na hata ndani ya gari hatakuwa.

"Mama," akasema, "lile gari halina baraka. Ni chuma. Mimi nimelifungua lote mpaka skrubu ya mwisho, sijaona baraka humo. Na mguu wangu huu umekufa. Yule mzee niliyemleta juzi, nilikuwa nasukuma goti kwa mkono. Kila mnaponipigia simu naogopa. Tangu mtoto wa kwanza naogopa. Nilikuwa nakanyaga mafuta vile kwa sababu ya woga, mama, si kwa sababu ya kujua."

Eliya alimwangalia mguu. Octavian alihisi uso unawaka. Hajawahi kujisikia uchi vile mbele ya watu.

Scola akamsogelea. "Miaka yote hii ulikuwa unaogopa?"

"Yote."

"Na ulikuwa unakuja."

"Nilikuwa nakuja."

"Basi fungua mlango," Scola akasema.

Wakamlaza Xaveria siti ya nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe wake. Eliya akapanda mbele. Gari likatoka uani bila kelele, na hapo Octavian akakutana na jambo ambalo hakulitegemea kabisa.

Aliwasikia.

Katika gari la bluu hakuwahi kusikia mtu. Injini ilikuwa inanguruma, tabo inapiga mluzi, mawe yanagonga chini, na yule wa nyuma hata akilia kwa sauti zote, kwa dereva alikuwa ni mdomo tu unaofunguka kwenye kioo. Octavian alikuwa amewabeba watu hawa wote kama mtu anayebeba picha. Sasa alisikia kila pumzi. Alimsikia Xaveria akisaga meno, akausikia uchungu ukija kabla haujafika, ule mguno mdogo wa kujiandaa. Alisikia kucha zake kwenye kitambaa cha siti. Hakukuwa na gia ya kushughulika nayo, hakukuwa na klachi, hakukuwa na kitu chochote cha kujifichia. Mikono yake ilikaa juu ya usukani mwepesi na masikio yakabaki wazi. Akatamani lile la bluu kwa nguvu hata akaona aibu.

Kabla ya kufika lami, mbuzi waliruka barabarani, na gari likashika breki lenyewe, kwa nguvu, kabla mguu wake haujafika. Mwanamke wa Kijapani akasema neno refu.

"Anasemaje huyo?" Scola akauliza kutoka nyuma.

"Anasema twende polepole," Octavian akajibu, ingawa hakujua.

"Mwambie mtoto ndiye anaamua."

Eliya akacheka kidogo, kicheko cha woga, na wote wakapumua. Mbuzi wakapita. Octavian akakanyaga, na gari likaondoka bila kusita, moja kwa moja, tofauti na lile lililokuwa linafikiri kwanza. Sehemu ya akili yake iliyobaki fundi ililitambua hilo, ikalipa haki yake.

Uchungu mwingine ulikuja walipogusa lami. Huu ulikuwa mrefu. Ulipopungua, Xaveria aliongea kwa sauti ndogo, ya mtoto, si ya kusikiwa na wanaume walioko mbele. Katika gari jingine lolote lisingefika kwa dereva.

"Mama, nitakufa?"

"Hufi," Scola akasema. "Mwangalie huyo mbele. Huyo hajawahi kumwacha mtu njiani. Alinibeba mimi, alimbeba baba wa mume wako. Mwangalie yeye, acha kuangalia tumbo."

Octavian hakugeuka. Kwenye kioo aliona macho ya msichana yamemkazia kisogo. Kwa hiyo hilo ndilo walilokuwa wanaambizana huko nyuma miaka yote, chini ya makelele. Si tabo, si mbio, si bluu. Alikuwa amejidanganya kwamba wamelishika gari, na kwamba siku akilitoa gari watamwachia naye aende zake akaloweke mguu kwenye maji ya moto kama wazee wenzake. Gari linaweza kubadilishwa na mtu wa duka la vifaa vya ujenzi mchana kweupe. Yeye angebadilishwa na nani? Aliona njia yote ya maisha yake yaliyobaki, na haikuwa na mahali pa kuchepukia.

"Tumeshafika, binti," akasema kwa sauti, ili asikie kwamba kisogo kile kina mdomo. "Tumeshaufikia mzunguko. Nikimaliza kona hii utaliona geti."

Walimpokea kwa machela. Muuguzi alipapasa tumbo, akaita wenzake, wakaingia naye mbio, Scola nyuma yao akishika kanga isidondoke. Eliya na Octavian wakabaki kwenye benchi la nje, pamoja na watu wengine waliokuwa wanasubiri na wao. Mchana Scola akatoka. Mtoto wa kike amepatikana kwa upasuaji, akasema, wote wazima, na daktari amewauliza walikuwa wanangoja nini nyumbani. Alimwambia daktari walikuwa wanangoja gari. Hakusema lipi. Kisha akamgeukia Octavian, akamwambia aende nyumbani akapumzishe mguu, ameshamtuma mjukuu wake amletee mafuta ya kondoo ya kuchulia.

Habari za goti zilifika Singe kabla yake. Alimkuta Rosalia getini, amesimama na ile picha ya hospitali mkononi, ameichomoa nyuma ya kabati. Alikuwa na hasira ya kweli, na aliilia hapo hapo. Alisema ameishi na mwanamume huyu maisha yote na ameambiwa habari za mguu wake na muuza nyanya. Octavian akamwacha aseme yote. Alistahili.

Wiki ilipokwisha alikwenda mjini dukani kwa Muzamil. Subaru ilikuwa mbele ya duka, imeoshwa hadi tairi, na vijana wawili walikuwa wanapigana picha mbele yake. Zuwena, mke wa Muzamil, alikuwa kaunta, akamwamkia, akalalamika kwamba tangu gari hilo liingie nyumbani hawasikilizani na majirani wamehama chumba cha kulala. Lakini alikuwa anacheka. Muzamil akatoka stoo ana vumbi la saruji kichwani, akauliza kwa wasiwasi kama mzee amebadili mawazo.

Octavian akampa ufunguo wa pili wa Subaru. Akamweleza jinsi ya kuiacha injini ipoe kabla ya kuizima, na kwamba asimruhusu fundi yeyote kugusa tabo bila yeye kuwepo. Wakashikana mikono. Muzamil alimshika kwa mikono miwili, kwa furaha iliyomshinda kuficha.

"Sasa mzee umepumzika," akasema.

"Watakuja hapa," Octavian akamjibu. "Wa Mutuka, wa Singe, hata wa mbali, wataliona la bluu limesimama hapa watakimbilia kwako. Usiwapeleke. Hujui kuwabeba, na lile halifai. Waambie namba yangu ni ile ile."

Muzamil alimtazama. "Lakini si ulitaka waache kukupigia?"

"Nilitaka," Octavian akasema.

Akamwomba Zuwena ile kalamu nene wanayoandikia bei kwenye ndoo za rangi. Akaingia nyuma ya kaunta akichechemea, akatafuta mahali peupe ukutani, pale ambapo mtu mwenye haraka angepaona akiwa bado mlangoni, akaandika namba yake kwa tarakimu kubwa.